Fundi Aliyeisikia Injini Ikivuta Hewa: Maisha ya Mama Phelista Nakhumicha Barasa (1959–2025)

Mama Phelista Nakhumicha Barasa, ambaye leo tunamzika hapa nyumbani Chwele, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1959 huko Lwakhakha, karibu na mpaka wa Uganda. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Elisha Khaemba na marehemu Mama Rosa Nasambu. Mzee Elisha alikuwa na kinu cha kusaga mahindi kilichoendeshwa na injini ya dizeli. Mama Rosa alizoea kusimulia kwamba huyu mtoto alinyamaza kulia injini ikiwashwa, na ikizimwa akaanza upya.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lwakhakha, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1973, kisha akaenda sekondari ya wasichana upande wa Bungoma, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1977. Baba yake alitaka awe mwalimu. Yeye alitaka ufundi. Walivutana mwaka mzima bila kupandishiana sauti, mpaka siku moja kinu kilipokataa kuwaka wateja wakiwa wamejaa uani na madebe yao. Phelista alilegeza paipu ya dizeli, akatoa hewa iliyokuwa imeingia ndani, na kinu kikanguruma. Mzee Elisha aliitazama mikono ya binti yake iliyolowa mafuta, akasema, "Haya basi, enda hiyo shule yako ya spana." Januari 1979 akaingia chuo cha ufundi mjini Kitale. Katika darasa la magari, msichana alikuwa yeye tu.

Mwaka 1981 aliajiriwa kwenye karakana ya shamba kubwa la mahindi karibu na Moi's Bridge. Huko alitengeneza matrekta na malori hadi mwaka 2004. Mwaka uliofuata alifungua gereji yake mjini Kitale pamoja na Bwana Kipkemboi, fundi mwenzake wa tangu shambani. Wateja wake watamkumbuka kwa jambo moja hasa: hakukubali kufungua boneti kabla hujakaa chini umweleze gari linafanya nini, lini na wapi. Mwenye haraka alipewa kiti kama wengine.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa kanisani Chwele na Mwalimu Jotham Barasa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Kevin, Gladwell na Wilkista. Mwalimu anasema kwamba katika mwaka wao wa kwanza alirudi nyumbani akakuta kabureta ya lori imechemshwa kwenye sufuria ya ugali. Alikula matonge mawili ya ugali wa siku hiyo. La tatu likamshinda, akauliza, "Mama, huu unga umetoka kwa posho mill ama kwa petrol station?" Walicheka mpaka chakula kikapoa, na kesho yake Mwalimu akanunua sufuria ya pili.

Ijumaa tarehe 3 Februari 2023, akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini, Mama Phelista alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea. Baada ya majuma kadhaa hospitalini alianza kutembea kwa mkongojo, lakini maneno yalikuwa yamemchanganyikia. Aliomba kijiko akakiita plagi. Alimwita Gladwell kwa jina la dada yake Wilkista, akajua amekosea, akageukia ukuta. Kilichomtesa hakikuwa mkono. Alimwambia Mwalimu, kwa shida na polepole, kwamba anaogopa kichwa chake kimekwisha na kwamba watu wanamficha ukweli. Gereji hakutaka hata kupita karibu nayo. Familia ilikaa chini ikaanza kuzungumza jinsi ya kuifunga.

Kila Jumatano alipelekwa kutoka Kitale hadi Bungoma kwa mazoezi ya viungo. Aliyempeleka ni rafiki yake na jirani yake, Mama Chepkemei, muuza mbegu, kwa Toyota yake ya mwaka 2001. Mwezi Agosti taa ya injini ikawaka kwenye hiyo Toyota. Kipkemboi aliipima kwa mashine, ikatoa namba P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko umekuwa mwepesi: hewa ni nyingi, petroli ni kidogo. Alibadilisha chujio la petroli, akabadilisha sensa ya oksijeni, akafuta namba. Hawakufika Kamukuywa, njiani kwenda Bungoma, taa ikawaka tena. Juma lililofuata gari lilianza kutetemeka kila liliposimama, na pale Kimilili likazima kabisa katikati ya barabara, malori yakipiga honi nyuma.

"Hii nauza," Mama Chepkemei alisema, uso umemvimba kwa hasira. "Nauza hata kesho. Lakini sasa wewe nitakuwa nakupeleka Bungoma na nini?"

Gari lilipowashwa tena, Mama Phelista aliinua mkono wa kushoto kuomba kimya. Alisikiliza. Midomo ilihangaika kutafuta neno, likakataa kuja. Mwishowe akasema, "Kwa Kipkemboi. Nipeleke."

Alhamisi asubuhi aliingia gereji yake kwa mara ya kwanza tangu augue. Kipkemboi alimletea kiti bila kuuliza swali. Mama Phelista alinyoosha kidole kwenye sensa inayopima hewa inayoingia. Waliitoa, wakaisafisha kwa dawa yake, wakairudisha, wakafuta namba, wakazunguka na gari mjini. Waliporudi getini taa ilikuwa inawaka.

Hapo alivunjika moyo. Mama Chepkemei, aliyekuwa amemshika mkono, anasema alimwona akilia bila sauti. "Kichwa imeisha," alisema. "Nirudishe nyumbani."

Kipkemboi alichuchumaa mbele yake. "Mama Kevin, hata mimi nimekosa mara mbili kwa hii gari, na mimi sijagonjeka. Kichwa yangu pia imeisha? Niambie kitu moja tu. Kule Kimilili, ulisikia nini?"

Mama Phelista alikunja midomo, akavuta pumzi kupitia kwenye meno: sssss.

"Inavuta hewa mahali?"

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha, neno moja moja, akamwambia asome kwenye mashine ni petroli kiasi gani kompyuta ya gari inaongeza, injini ikiunguruma bila mafuta kukanyagwa. Ilikuwa inaongeza sana. "Sasa kanyaga." Kipkemboi alipokanyaga, kile kiasi kilishuka karibu kufikia kawaida. Mama Phelista alipiga paja kwa mkono wake mzima.

"Si pampu ya petroli," alisema. "Pampu mbaya... ukikanyaga, inakosa petroli zaidi. Hii inakosa ikipumzika. Kuna ufa."

Aliagiza chupa ya kunyunyizia na maji ya sabuni. Kipkemboi alinyunyiza kwenye mipira ya kupitishia hewa, mmoja baada ya mwingine, injini ikiendelea kutetemeka vile vile. Mama Phelista alisimama kwa mkongojo, akainama chini ya boneti, akasogeza mkono wa Kipkemboi nyuma kabisa, chini, mahali ambapo jicho halifiki. Maji yalipogusa hapo, injini ilitulia. Ikalainika kabisa, halafu maji yalipokauka ikaanza tena kutetemeka. Waliingiza kioo kidogo na tochi. Mpira unaorudisha mvuke wa injini ulikuwa umepasuka upande wa chini, kwenye kona, ufa ambao juu hauonekani.

"Mpira," alisema Mama Phelista. Neno lilikuwa limekuja lenyewe. Akalirudia kwa sauti kubwa, "Mpira! Mpira!" na mafundi wa gereji za jirani wakatoka kuangalia kuna nini. Mama Chepkemei alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mpira mpya ukafungwa, namba ikafutwa, na Jumatano iliyofuata walikwenda Bungoma na kurudi. Taa haikuwaka tena.

Jioni ya ile Alhamisi Mwalimu alimkuta mkewe ameketi barazani, mikono michafu, hataki kunawa. "Baba Kevin," alimwambia, "mimi bado niko." Mwalimu anasema tangu Februari alikuwa hajalala usingizi wa kweli, na siku hiyo alilala kwenye kiti kabla ya chakula.

Habari za kufunga gereji ziliishia hapo. Kwa miaka miwili zaidi Mama Phelista alikwenda kazini, akaketi kwenye kiti chake, akasikiliza magari na kuelekeza mikono ya wengine. Maneno mengine hayakurudi, na hakuyalilia. Septemba mwaka huu moyo ulianza kuchoka. Daktari alieleza ukweli wote mbele yake kwa sababu yeye mwenyewe aliomba asifichwe. Aliomba aletwe Chwele, akaletwa. Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, saa kumi alasiri, akiwa na Mwalimu na Wilkista kando ya kitanda, alitamka majina ya watoto wake wote watatu, moja moja, bila kukosea. Kisha akasema amechoka, anataka kulala kidogo. Hakuamka tena, na hakuumia. Kwa hilo tunamshukuru Mungu, na machozi yetu ya leo yana nafuu ndani yake.

Ameacha mume wake, Mwalimu Jotham Barasa. Watoto wake Kevin, Gladwell na Wilkista. Wakwe na wajukuu. Ndugu zake wa Lwakhakha. Rafiki yake Mama Chepkemei. Na Bwana Kipkemboi pamoja na mafundi wote wa gereji ya Kitale, ambayo leo imefungwa kwa heshima yake na kesho kutwa itafunguliwa.

Aliogopa jambo moja tu, kuondoka akiwa hajijui. Aliondoka akijijua, na akitujua. Mungu amlaze pema, na usingizi wake uwe wa amani.