Tazameni Nyuma ya Masikio

Asalaam aleykum, mama zangu mliokuja hapa na watoto wenu. Leo nasema Kiswahili kwa sababu jirani yangu, mwalimu kutoka bara, yuko hapa, na nataka asikie mwenyewe alichonifanyia.

Ndugu zangu, nilimfungia mtoto wangu ndani siku tatu nikidhani namtibu.

Alikuwa na mwaka na miezi miwili. Alianza na homa, kikohozi, makamasi, macho mekundu. Nikasema ni vumbi la hapa Galbet, nani hakohoi? Siku ya nne vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikashuka usoni mpaka kifuani. Nikasema basi ni joto. Mama mkwe wangu, yule pale nyuma aliyeniruhusu niseme haya, akamtazama mara moja tu.

"Hii ni jadeeco, hooyo. Surua, mwanangu. Funga dirisha, mfunike blanketi. Hospitali usiende, sindano itarudisha vipele ndani, vimuue."

Blanketi, abaayo, dada zangu, na jua hili la Garissa! Nami nikamfunika. Nilimwogopa mama mkwe, na sindano niliiogopa zaidi. Mtoto akakataa kunyonya, akakataa hata maziwa ya ngamia. Akawa anahema haraka haraka, mbavu zinabonyea. Macho yakagandana kwa usaha. Mimi nimekaa tu, nampepea kwa ncha ya shuka. Wallahi, sijawahi kujiona mtu bure kama siku zile.

Siku ya tatu ya kumfungia, mwalimu akaja kuomba kiberiti. Akaingia kwenye lile giza, akafunua blanketi, akasikiliza pumzi.

"Alichanjwa ile ya miezi tisa?"

Nikamwambia wakati huo tulikuwa mbali, Rhamu kwa dada yangu, ikapita.

Hakunigombeza. Akamgeukia mama mkwe. "Ayeeyo, bibi yetu, vipele vimeshatoka vyote. Sasa anayeondoka ni mtoto."

Mama mkwe akamtoa blanketi kwa mikono yake, akambeba begani, akatangulia mlangoni.

Hospitali wakamwekea oksijeni, wakampa dawa na matone ya vitamini A. Akaishi, alhamdulillahi. Lakini jicho la kushoto lina ukungu mpaka leo. Nikimwita upande huo anageuza kichwa kizima kunitafuta, na inaniuma kila mara.

Asante, mwalimu. Asante, mama, kwa kutangulia. Mtoto akiwa na homa, kikohozi na macho mekundu, tazameni nyuma ya masikio, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya surua ni mara mbili, msiache hata moja.

Na mkitoka, mtamkuta mama mkwe wangu mlangoni anakunja masikio ya watoto wenu. Msikasirike. Mwacheni aangalie.