Sahani Iliyorudi Imefunikwa

Asalaam alaykum, akina mama. Mwenyekiti kaniomba niongee kwa upole. Nitajaribu, ila siahidi.

Mimi kwetu Marambo, nimeolewa hapa Nanganga. Kwa wakwe zangu, msimu wa korosho wanawake tunapika kwa zamu na wote tunakula pamoja, kwenye sinia. Siku ya zamu yangu nilichemsha ming'oko, mizizi niliyoichimba mwenyewe porini, nikaunga na mbaazi. Jioni shemeji yangu akashikwa na tumbo, akatapika mpaka akalegea. Alikuwa ametoka kunywa uraka huko mikorosheni, ananuka pombe mpaka barabarani! Lakini ni mtu wa swala tano, nani angesema? Wakasema huyu wa Marambo kachimba mizizi ya sumu. Wengine wakaongeza kwamba sikukosea, nilikusudia.

Ndugu zangu, nawaambia, na waliosema wengine wamekaa hapa hapa wananitolea macho: tangu siku ile sahani yangu ilikuwa inakwenda mkekani na kurudi imefunikwa vilevile. Mume wangu akawa anakula na mimi chumbani, kichwa chini. Nilivumilia. Halafu siku moja mwanangu akasukuma bakuli.

"Sili, mama. Shangazi kasema chakula chako kinaua."

Hapo nililia. Nikaanza kufunga nguo zangu nirudi kwetu.

Sijamaliza kufunga, huyo shangazi mtu, wifi yangu, akasimama mlangoni. Mama mkwe alikuwa anaumwa, kakataa uji wa kila mtu.

"Mama anataka ming'oko," akasema, anatazama ukuta. "Ya kwako."

Nikapika, nikapakua. Alipotaka kuinua bakuli nikamzuia.

"Kaa chini, wifi. Onja kwanza. Mwanangu anakuangalia."

"Ndo unanifanyia nini sasa?"

"Onja, au rudi kwa mama mikono mitupu."

Akaonja. Akatafuna kwa hasira, macho kwangu. Akachukua kipande cha pili, akameza, akasema, "Chumvi imezidi."

Mwanangu akasogea, akala.

Namshukuru mama mkwe wangu. Alimaliza bakuli lile, na alipopata nguvu akasema atakayemsusia mkwe wake chakula asikanyage mkekani kwake. Namshukuru na mume wangu kwa kula na mimi siku zile. Wifi sijamaliza kumsamehe, na yeye hanipendi. Lakini kila siku mikono yetu inakutana kwenye sinia moja, na mimi nimeridhika hivyo. Mkinichukia, nichukieni mimi. Msimfundishe mtoto kuogopa chungu cha mama yake.

Ming'oko ipo pale kwenye sufuria, nimepika leo asubuhi. Na wewe huko nyuma, unayejifanya unatazama simu, njoo hapa mbele ule. Chumvi nimepunguza.