Bonde Langu la Nduma

Kaeni chini, wanangu. Njau, zima hiyo redio, kwa maana pumzi iliyobaki hainitoshi kusema jambo mara mbili.

Shamba la juu ni lenu, Njau na Kang'ethe. Gaweni katikati bila kelele. Ng'ombe ni wa dada yenu Rachael. Limebaki bonde la nduma, yale magimbi yetu, huko chini, ambalo najua, kwa kuwa masikio yangu hayajafa, mmeshampeleka mnunuzi akaliona, naye anataka kulijaza kifusi ajenge maduka.

Hata mimi nililikosea bonde hilo. Baba yenu alipotangulia, niliona ni matope na mbu tu, nikang'oa matete yote, nikapanda mikaratusi iyanywe maji, nikachimba mtaro ulionyooka mpaka mwisho wa shamba, nikajiona mjanja. Mvua ya mwezi wa nne ilipokuja, maji ya mabati ya mtaa mzima yalishuka kwa ule mtaro yakikimbia, yakaangusha ukuta wa jirani yetu wa chini, Nakhumicha, akiwa ndani na mtoto mgongoni. Walipona. Alikuja akaniuliza, “Mama Njau, haya maji umeniletea mimi kwa nini?” Nilikaa miaka miwili bila kumsalimia, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Naona aibu mpaka leo. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimemlea.

Ndipo nikakata mikaratusi, nikaziba mtaro kwa mawe kila hatua kumi, nikarudisha matete juu na nduma chini, vile mama yangu alivyokuwa akifanya. Maji hayafukuzwi, hupewa mahali pa kukaa. Juzi mmeiona wenyewe mvua ya El Nino: barabara ilikatika, lakini bonde letu lilijaa maji, likatulia, likayanywa kwa siku nne, na kwa Nakhumicha halikuingia tone.

Kwa hivyo bonde ni la Rachael. Kang'ethe, usinune. Najua wazee watasema msichana hapewi shamba, lakini ni yeye anayeingia matopeni. Rachael, kila mwaka kabla ya mvua, toa mchanga ulioshikwa na mawe.

Karatasi za shamba hubadilishwa, na mnunuzi ana subira. Basi nizikeni ukingoni, juu ya mawe ya kwanza, pakavu, na msinimwagie simiti. Hapa kwetu nani hununua shamba lenye kaburi la mama wa watu? Akirudi, mwonyesheni kaburi.

Nipe maji, Rachael... kidogo. Inatosha. Leteni mikono niwatemee mate ya baraka. Mzae, mshibe, mvua iwanyeshee polepole. Thaai, amani iwe nanyi.

Njau... nenda kwa Nakhumicha. Mwambie nilikosa. Sikuwahi kumwambia. Mwambie... nitalala hapo, kati yake na maji.