Kozi ya Sita ya Britta Okerlund

Mgeni rasmi, Profesa Haugland, Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi, walimu wetu, na nyinyi wenzetu mliofuata donati:

UKARIBISHO

Karibu sana katika maabara mpya ya umeme. Tunashukuru umefika, na theluji yote hii. Utuwie radhi tukisoma harakaharaka, kwa sababu leo ni siku ya mwisho ya kusajili kozi, na dirisha la msajili linafungwa saa kumi na moja jioni. Sasa hivi ni saa kumi na nusu.

SISI NI NANI

Tuko thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja wetu anayesomea umeme kama fani kuu. Wengi ni wa kilimo na fizikia. Mimi ninayesoma risala hii, Wendell Tschida, ni wa muziki, napiga tarumbeta. Umeme tumeuchukua kama fani ndogo: kozi sita, uniti kumi na nane, kozi tatu ziwe za ngazi ya juu, alama isishuke chini ya C, na kozi moja isihesabiwe kwenye fani zote mbili. Masharti haya tumeyakariri kuliko vitabu vyenyewe.

MAFANIKIO

Mwaka jana tisa walimaliza. Mwenzetu wa falsafa amefaulu Saketi ya Pili baada ya kuirudia, tukamfanyia sherehe. Na Britta Okerlund, wa kilimo, ametengeneza kidhibiti cha feni za kukaushia mahindi ambacho kinafanya kazi mpaka leo shambani kwa wazazi wake. Kwa kifaa hicho ushirika wa umeme wa kwao umempa kazi kuanzia Juni, mradi cheti chake kionyeshe kwamba fani ndogo imekamilika.

CHANGAMOTO

Ni hiyo hiyo ya Britta. Kozi ya Vihisi na Vipimo ina misimbo miwili ya usajili, mmoja wa kilimo, mmoja wa umeme. Chumba kimoja, mwalimu mmoja. Miaka miwili iliyopita nafasi za upande wa umeme zilijaa, Britta akajisajili upande wa kilimo. Mshauri wa masomo alimwambia haina neno. Sote tumewahi kufanya hivyo, tusidanganyane. Jumatatu hii kompyuta ikamwambia ana kozi tano tu, maana ile imeshaliwa na fani kuu.

Akaenda kwa msajili. "Mama, kiti ni kile kile, mtihani ni ule ule," akasema.

"Najua, binti yangu," yule mama akamjibu. "Lakini mimi nasoma msimbo. Kiti sikioni."

Basi akatafuta kozi ya kufidia. Ya ngazi ya juu iliyobaki muhula huu ni moja, Mitambo ya Nguvu, itakayofundishwa humu humu. Viti vinne viko wazi, ila vimetengewa wanafunzi wa fani kuu. Tumewauliza mmoja mmoja, hawavitaki. Mmoja alisema hata alipwe haamki saa kumi na mbili asubuhi kuja kusoma. Profesa, inatuuma, na inatukera. Britta hana muhula mwingine, anahitimu Mei.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi manne. La misimbo, la ratiba na la ufunguo wa maabara siku za Jumamosi tumeyafuta asubuhi hii, yatasubiri. Limebaki moja: fomu ya ruhusa ya kiti kimoja, inayohitaji saini yako, Mkuu wa Kitivo, na si ya mtu mwingine. Tuliileta ofisini kwako Jumanne, tukaileta tena Jumatano. Tukaambiwa umesafiri.

Britta hayupo hapa. Yuko kwenye foleni ya msajili tangu saa nane, na kila akifika mbele anampisha aliye nyuma yake. Fomu iko mezani mbele yako, imejazwa yote isipokuwa mstari wa chini. Na yule aliyesimama mlangoni na koti na viatu vya theluji si mlinzi. Ni mwenzetu Corwin, na ana mbio.

Mungu akupe afya, Profesa, na aubariki mkono wako, hasa ule unaoandikia.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Fani Ndogo ya Uhandisi wa Umeme