Mama Apolinaria na Programu Iliyokufa Mizanini

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Apolinaria Nikolaus anastaafu katika ushirika wetu wa asali hapa Tabora, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Alianza mwaka 1999 kama mpiga chapa, akapelekwa Dar es Salaam kusomea kompyuta, akarudi na cheti pamoja na tabia ya kuisemesha mashine kama anayekaripia mbuzi aliyeingia shambani. Tangu hapo kila programu tunayotumia imepita mikononi mwake, na nyingi bado zinamwogopa.

Kwake programu ikifa, haiwashwi ovyo. Inapokufa huacha faili kubwa liitwalo kore, nakala ya kumbukumbu yake ya dakika ya mwisho: uzito uliokuwa unapimwa, jina la mteja, hatua iliyokuwa inafanyika. Mama hulifungua kwa dibaga, chombo cha kuchunguzia hitilafu. Alitufafanulia siku moja wakati wa chai. Dibaga ikiulizwa kuna nini mahali fulani kwenye kumbukumbu, hutazama kwanza ndani ya kore. Kisichohifadhiwa humo, kama vile maagizo na maneno yasiyobadilika, hukitafuta katika faili la programu yenyewe. Mafaili mawili, marehemu mmoja. Kusoma ruksa, kufufua hakuna.

Elimu hiyo ilikuja kuokoa kazi ya mtu. Juni mwaka jana programu ya mizani ilikuwa ikifa kila mara, na kila ilipokufa aliyekuwa zamu ni karani Zuena. Jumatatu moja asubuhi, ilipokufa tena, meneja wetu, Bwana Eustace, alisimama mbele ya wafugaji nyuki waliopanga foleni akatangaza kwamba Zuena anaharibu mashine, na kwamba Ijumaa atamrudisha kwao Itetemia akalime. Akaamuru programu isiwashwe tena. Asali ipimwe kwa mizani ya zamani ya mawe.

Mama akaingia kazini kwa mbwembwe. Akafungua kore, akasoma, akatoa hukumu mbele ya ofisi nzima: muuaji ni printa ya risiti. Printa ikafungwa nyuma ya bodaboda ikapelekwa Kanyenye kwa fundi Mustansir. Ikarudi na salamu zake: "Mwambieni Mama, hii ni nzima kuliko mimi. Mimi nina kisukari." Kesho yake vijana wa ghala wakawa wanamwamkia, "Shikamoo, hakimu!" Naye akiitika, "Marahaba, wafungwa wangu."

Hakukasirika. Alirudi kusoma, ndipo akaona kioja. Uzito ulikuwa sahihi na jina la mteja sahihi, lakini maneno ya programu yalikuwa yamekatika katikati: "ribu tena ushiri", kipande cha salamu ya risiti, "Karibu tena ushirikani". Yaliyotoka kwenye kore yalikuwa ya kweli; yaliyotoka kwenye faili la programu yalikuwa ya programu nyingine, ambayo maneno yake hayakukaa mahali palepale. Akamgeukia taratibu msaidizi wake.

"Amon, baba, umegusa nini?"

"Niliweka toleo jipya Jumatatu mchana, Mama, la zamani nikalifuta. Nilitaka kukufurahisha."

"Umenifurahisha sana. Marehemu kafa asubuhi, vyeti umeniletea vya mchana."

Faili la zamani lilikuwa limebaki kituo chetu cha Usinge tu, ambako mtandao ni wa kubahatisha na matoleo mapya hayajafika. Likaja kwa treni, kufuata njia ya misafara ya zamani ya Ujiji, likiwa kwenye flashi mfukoni mwa mfugaji nyuki. Flashi ilifika Alhamisi imeganda asali. Mama aliilamba kwanza, akasema ni asali nzuri, kisha akaisafisha na kuianika dirishani, akiwafukuza sisimizi kwa kanga.

Safari hii mafaili yakapatana. Programu ilikufa ikigawa uzito wa asali kwa idadi ya ndoo, na idadi ilikuwa sifuri. Wafugaji wachache wa upande wa Sikonge, ambao hufika kwa zamu ya Zuena, hawatumii ndoo. Huleta asali katika vyombo vya magome ya miti. Zuena aliagizwa ajaze anachokiona. Hakuona ndoo, akajaza sifuri. Aliyetaka wastani wa kila ndoo, bila kuwauliza wenye asali, alikuwa Bwana Eustace mwenyewe.

Meneja alipendekeza yaishe ofisini. Mama akakataa: "Ulimchafua mizanini, kamsafishe mizanini." Ijumaa Bwana Eustace, ambaye ameruhusu habari hii ichapishwe huku akicheka kwa shida, alisimama mbele ya foleni, akavua kofia na kumwomba Zuena radhi. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Nimesikia, meneja. Ila umesimama juu ya mizani." Zuena akaita anayefuata.

Mama Apolinaria, asante kwa kazi, kwa ukali na kwa vicheko. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha, na siku nyingi zisizo na haraka.