Namba Niliyoiandika Kabla ya Simu ya Ghaniya

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sheikh Wadhah, mwenyeji wetu na mkubwa wa kikao hiki. Waheshimiwa wageni wetu mliotoka Sur, Nizwa na Al Qabil. Wenzangu niliofanya nao kazi ya hali ya hewa miaka thelathini na moja. Wazee wangu wa Ibra, shikamooni. Mama zetu na dada zetu mliokaa upande wa kushoto wa ukumbi. Na nyinyi vijana ambao Kiswahili changu nusu mtakielewa na nusu mtawauliza bibi zenu: assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wiki iliyopita niliagwa kazini huko Maskati kwa Kiarabu, nami nikajibu kwa Kiarabu, dakika tatu, kama nilivyoandikiwa kwenye karatasi. Leo mmeniita nyumbani, mmenipikia, na mmenipa zawadi ya mwavuli. Mwavuli, jamani, katika mji unaopata mvua mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili watu hutoka nje kwa furaha ili walowe! Nimeupokea, na nimeuelewa mzaha wenu, maana hakuna arusi iliyofungwa Ibra hii bila ya mtu kunipigia simu kuniuliza kama Alkhamisi kutanyesha. Lakini nisameheni kama sicheki sana. Nimechoka, na uchovu wenyewe si wa kazi.

Ndugu Muntasir, mkubwa wangu wa kazi, amesimama hapa kabla yangu akasema maneno mazuri. Amesema, "Humaid hakuwahi kumficha mtu khabari ya hewa, mkubwa wala mdogo." Akasimulia vile nilivyowagombeza makandarasi wa Sur mpaka wakaondoa vibarua wao wadini, bondeni kwa mto mkavu, mbingu ikiwa nyeupe, na baada ya Magharibi wadi ikashuka na mawe. Ni kweli, nilifanya. Nakushukuru, ya akhi. Lakini sifa ile ya mwanzo siwezi kwenda nayo nyumbani, kwa sababu yuko mtu humu ndani anayejua kuwa si yangu, nami ndiye mtu huyo. Na yuko mwengine asiyejua, na kwa ajili yake ndio nimekubali shughuli hii.

Niruhusuni nianze mbali kidogo, huko Atlantiki.

Wengi wenu mmenitania miaka yote: mtu wa Ibra ana nini na vimbunga vya Amerika? Sikilizeni. Kimbunga kikizaliwa katika bahari yetu hii, hakuna ndege inayokwenda kukipima. Tunakitazama kwa picha za setilaiti na tunakisia nguvu yake. Kule Atlantiki wana ndege zinazopenya ndani mpaka kwenye jicho, zinaangusha vipimo, zinarudi na hesabu kamili ya upepo na mgandamizo wa hewa. Kwa hivyo mimi nilivifanya vimbunga vya wenyewe kuwa kitabu cha mazoezi chenye majibu nyuma. Kila kikitokea, nilitazama picha, nikaandika namba yangu katika daftari la skuli, nikatia na saa, kisha ndio nikafungua ripoti ya ndege kuona nimepata au nimekosa. Namba kwanza, ripoti baadaye. Hilo ndilo lilikuwa sharti langu, na sikulivunja hata siku moja.

Na nilichokuwa nikikitafuta khasa ni kile kimbunga kinachovimba ghafla. Maji ya moto yakiwa marefu kwenda chini, na pepo za juu zikitulia, kimbunga kinakunywa tu. Jioni unakiacha daraja la kwanza, kesho yake unakikuta cha nne. Gonu mwaka elfu mbili na saba ilivimba hivyo hivyo katika bahari yetu, na waliokuwa Sur wanakumbuka ilikuja na nini. Nilitaka nikijue kitu hicho kabla hakijarudi kwetu. Je, ni kosa mtu kutaka kujua? Si kosa. Kosa linakuja baada ya kujua.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Septemba, kimbunga kimoja kiliingia Ghuba ya Meksiko. Huko pwani, katika mji mmoja wa chuo, alikuwepo Hiba, mtoto wa dada yangu Ghaniya. Hiba yupo hapa leo, amekaa pembeni ya mamake. Alikuwa akikaa nyumba moja na msichana wa Kiomani, Yaqeen, kutoka mji wa Adam, Mungu amrehemu. Taarifa rasmi ya siku ile ilisema kimbunga kitafika pwani daraja la kwanza. Upepo wa kilomita mia na thelathini: miti michache, umeme kukatika, bas.

Mimi nilikuwa ofisini Sur, alasiri. Nikafungua picha mpya. Jicho lilikuwa limeanza kujionyesha, dogo, la mviringo, na chini yake kulikuwa na dimbwi la maji moto ambalo nilikuwa nalo machoni tangu siku mbili nyuma. Nikaandika namba yangu, na saa. Kisha nikafungua ripoti ya ndege, na mgandamizo, ambao hushuka kimbunga kikivimba, ulikuwa umeshuka kwa namna ambayo nimeiona mara tatu tu maishani. Nilijua. Nataka mlisikie neno hilo vizuri, kwa sababu kwa miaka minne nimewaacha watu waseme kinyume chake.

Dakika ishirini baadaye Ghaniya akapiga simu. Yaliyosemwa nayakumbuka yote.

"Kaka, Hiba ananambia wenzake wanaondoka na gari, wanakwenda mji wa bara, safari ya kutwa nzima. Na wavulana wamo. Babake angekuwa hai ningemuuliza yeye. Wewe ndiye mwenye elimu hiyo. Lazima aende?"

Nikamjibu, "Mvua tu na upepo, Ghaniya. Afunge madirisha, akae ndani."

"Kweli, kaka? Presha yangu imepanda toka asubuhi."

"Usijitie wasiwasi bure."

"Alhamdulillahi. Umenituliza roho."

Akamwambia mtoto akae. Hayo tu. Hata dakika mbili hayakufika.

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza njia nzima baina ya Sur na Ibra, mara ngapi sijui. Nyinyi mnaijua desturi yetu, maana sote tumelelewa ndani yake: khabari mbaya haipelekwi kwa mtu kama ilivyo, inapozwa kwanza. Baba yangu alipofariki mimi nilikuwa masomoni nje. Niliambiwa ana homa kidogo, nimalize mtihani. Nilijua ukweli uwanja wa ndege wa Sib, nilipoona waliokuja kunipokea ni watu saba, na hakuna aliyenitazama usoni. Nikaapa siku ile sitompozea mtu khabari maisha yangu. Na kazini sikupoza. Lakini dada yangu aliposema presha imepanda, ulimi ulirudi kwa mama yetu, ukafanya kama alivyotufunza.

Tena kuna mengine, na hayo hayana huruma ndani yake. Mwaka ule nilikuwa nimekisia vikubwa mara mbili nikakosa, na Muntasir alinicheka, si vibaya. Nikasema moyoni: nikimwambia mtoto aondoke, asafiri na wavulana wa watu, kisha kimbunga kikawa mvua tu, Ibra nzima itaniuliza mimi. Nikikaa na taarifa rasmi, hata nikikosa nimekosa na wengi. Naam, nilifikiri hivyo. Nilimtuliza yeye na nikajikinga mimi, kwa neno moja.

Gari lilikuwa mlangoni. Begi la Yaqeen lilikuwa limeshapakiwa. Yeye ruhusa ya babake alikuwa nayo. Alipoona Hiba haendi, akasema hamwachi mwenzake peke yake, akaliteremsha begi lake. Hiba ndiye aliyenisimulia.

Taarifa rasmi ilibadilika baada ya muda wa saa tano, na gari lilikuwa limeshafika mbali. Kwetu ilikuwa asubuhi, baada ya Fajr, pale Hiba aliponiandikia kwenye simu, "Mjomba, maji yameingia." Nikamjibu, "Pandeni juu." Ndiyo kauli pekee ya kweli niliyompa mtoto yule. Nilibaki mbele ya picha mpaka Adhuhuri, natazama jicho lile limekuwa safi na zuri, Mungu anisamehe, zuri kabisa, linapita juu ya mji wao. Daraja la nne. Walipanda juu ya paa wote wawili. Paa likavunjika upande mmoja. Hiba alipatikana kesho yake. Yaqeen alipatikana siku ya tatu.

Sasa nafika kwenye jambo langu.

Tangu siku ile dada yangu Ghaniya anaamini yeye ndiye aliyemuua mtoto wa watu. Anasema, "Lau ningempa ruhusa Hiba, Yaqeen angekuwa ndani ya gari." Na katika mji huu yamesemwa hayo hayo, na wengine waliosema nawaona wamekaa: yule mama aliyemzuia binti kwa ajili ya wavulana. Amekwenda Adam kwenye azaa, kuhani msiba, hakuweza kuingia ndani. Arusi haendi. Kila nikienda kwake kumwambia, ananikatiza: "Usijitie lawama, kaka, hata Wamarekani wenyewe hawakujua," na ananitilia kahawa, na mimi nainywa. Kwa miaka minne dada yangu amekuwa akinitetea mbele ya watu kwa jambo nililomfanyia yeye, nami nimekaa kimya nikala halua yake. Mnauliza uchovu wangu unatoka wapi?

Mwezi uliopita nilikwenda Adam kwa Musallam, babake Yaqeen. Nikamwonyesha daftari, nikamweleza yote. Sikungoja msamaha, na sikustahiki. Kisha akaniuliza:

"Dada yako anajua?"

Nikamwambia hajui.

"Miaka minne?"

"Miaka minne."

Akasema, "Mimi mwanangu nimemkabidhi Mungu, na wewe shauri yako iko kwake. Lakini yule mama alikuja mpaka mlangoni kwangu akaganda pale kama mwizi, na mimi nikamwacha arudi, kwa sababu nilidhani ni yeye. Nenda kamwambie. Na usimwambie chumbani. Ameaibishwa mbele ya watu, msafishe mbele ya watu."

Kwa hivyo, waheshimiwa, karamu yenu nimeigeuza mahakama, na najua hamkuja kwa hilo. Mniwie radhi. Humu ndani hawezi kunikatiza wala kunitilia kahawa.

Ghaniya, tafadhali usinyanyuke. Nakuona. Hiba, mshike mama mkono.

Daftari ni hili, la skuli, jalada la kijani. Namba naisoma kama ilivyoandikwa, kwa mkono wangu: "Jicho limefunguka. Maji moto chini yake. Kitafika pwani daraja la nne. Upepo mia mbili na kumi na tano." Na saa iko pembeni, na saa ya simu yako nimeiandika mstari wa chini, kwa sababu nina tabia ya kuandika kila kitu, lakini si kukisema. Dakika ishirini, Ghaniya. Namba hii ilikuwa mbele yangu, wino haujakauka vizuri, nilipokwambia mvua tu na upepo.

Wamarekani walichelewa kujua. Mimi nilijua. Wewe uliuliza kama mama anavyotakiwa kuuliza, ukamuuliza anayestahiki kuulizwa, ukafuata alichokujibu. Hukumzuia mtoto wewe. Nilimzuia mimi. Na nyinyi mliokuwa mkisema, kuanzia leo semeni jina langu: Humaid.

Vijana mnaoingia katika kazi hii, Muntasir atakufundisheni mashine. Mimi nina ombi moja tu kwenu. Namba mtakayoiandika kazini, ndiyo hiyo hiyo mtakayompa mama yenu, na kama presha yake itapanda, mpelekeni hospitali.

Sheikh Wadhah, nakushukuru kwa ukumbi wako. Wenzangu wa Sur, nakushukuruni kwa miaka, na kwa mwavuli. Wali tayari umeshapakuliwa. Atakayetaka kula na mimi namkaribisha, na asiyetaka aende kwa salama, sitomuuliza. Nyote mmenipa masikio yenu mpaka mwisho, na Mungu akulipeni kheri.

Ghaniya, mdogo wangu, mimi nimemaliza. Kipaza sauti hiki nakuletea hapo ulipokaa. Sema wewe sasa, na usinipozee.