Dotto wa Misugusugu na Mbwa Wake Watasema

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi, iweke chini kidogo, ukae nasi. Leo tunamkumbuka binti wa Misugusugu, Kibaha. Jina lake Dotto Ponsiano. Alikuwa fundi cherehani. Ametutoka akiwa na miaka ishirini na tisa.

Dotto hakuwa mtu maarufu. Alimfundisha mbwa wake kuruka viunzi, basi. Tena kwa kujifurahisha tu. Lakini mkimsikia baba yake akisimulia, mtaelewa kwa nini tumeona tusipite kimya.

Dotto alizaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu. Yeye na pacha wake, Kulwa, wote wawili. Kulwa alifariki wakiwa darasa la tatu. Baba yao, Mzee Ponsiano, ni karani mstaafu aliyehamia Kibaha kikazi kutoka Sumbawanga. Anasema, "Tangu tulipomzika Kulwa, nilimshika Dotto kama mtu aliyebeba yai kwenye utelezi."

Nyumbani kukawa na sheria moja. Dotto hakimbii. Siku za michezo shuleni, wenzake walimwachia viatu na masweta yao, wao wakaenda uwanjani. Yeye alikaa pembeni, amekumbatia rundo la viatu vya watu. Mzee Ponsiano aliwahi kupita akamkuta hivyo. Alirudi nyumbani akijisifu kwamba mwanawe yuko salama.

Dotto akakua. Akafungua kibanda cha ushonaji mbele ya nyumba yao. Mwaka juzi akaokota mtoto wa mbwa kando ya barabara, mbwa koko, mbavu zinahesabika. Jirani yao, Bi Mwanaasha, alimwona akimwogesha.

"Mwanangu, mbwa wa nini tena?"

"Wa kucheza naye, mama."

"Na watu wakisema?"

"Watasema," Dotto akajibu, akacheka. Mbwa akapata jina palepale. Watasema.

Bi Mwanaasha anaeleza bila kuficha. "Mimi mbwa simgusi. Dini yangu naijua. Lakini yule binti akicheka, nilikuwa naacha kupika nikachungulie uani kwao."

Wasikilizaji wapendwa, ikafika siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa wa mtaa mzima walikuja wakiburutwa kwa kamba, wengine wanabweka, wengine wamejificha miguuni mwa wenyewe. Watasema alikuwa amekaa. Dotto ameinua kiganja tu, na mbwa ametulia anamtazama usoni. Daktari wa mifugo, Kitwana, aliyetokea Kisarawe kusaidia zoezi lile, akasimama.

"Nani kamfundisha huyu?"

"Mimi, daktari. Naangalia kwenye simu."

Kitwana akamwambia kwamba kule Kisarawe yeye na wenzake wachache wana mchezo wao. Mbwa anaruka viunzi, anapenya kwenye tairi, anapita kwa kupinda katikati ya fito. Mwenye mbwa anamwelekeza kwa mkono na sauti.

"Anza chini sana," akamwambia. "Fimbo isizidi kifundo cha mguu wake. Iegeshe, usiifunge, akiigonga ianguke yeye asiumie. Akipita, mpe kipande cha maini. Na uache akiwa bado anataka."

Dotto akauliza swali moja. "Ni lazima mimi nikimbie?"

"Hapana. Wengine wanasimama katikati, mbwa ndiye anayekimbia."

Hapo, anasema Mzee Ponsiano, binti yake alirudi nyumbani na uso asiowahi kuuona.

Ule ua wao ukageuka uwanja. Mpini wa fagio juu ya matofali mawili. Fito za mianzi zimechomekwa ardhini. Tairi chakavu, ambalo mwanzoni Watasema alilikojolea badala ya kulipita. Mama yake Dotto, Stellamaris, alilalamika kwamba maini yanaisha kabla ya mboga kuiva. Siku viungo vinapouma, Dotto alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono, na mbwa akaenda. Mzee Ponsiano alianza kwa kununa. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akishikilia tairi lisiyumbe.

Juni iliyopita wakaenda Kisarawe. Ilikuwa siku ya kucheza tu, wenye mbwa wachache uwanjani na watu wamekuja kutazama. Zamu ya Dotto ikafika. Akasimama katikati kama walivyozoea. Watasema akaruka kiunzi cha kwanza, akaruka cha pili, halafu akamwona kuku.

Watu wakaangua kicheko. Mbwa kasimama, masikio juu, kasahau kilichomleta. Dotto akaita. Wapi! Akaita tena. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, Dotto akakimbia.

Alikimbia hadi kwa mbwa wake, akapiga makofi, akageuka akakimbia tena kuelekea tairi, na Watasema nyuma yake, kisha ubavuni pake, kisha mbele yake. Hakikuwa kipande kirefu. Mzee Ponsiano alikuwa ameshainuka kwenye kiti, jina la mwanawe limemfika kooni.

"Nilitaka kumzuia," anasema. "Nikamwona anavyocheka. Nikakaa."

Dotto alimaliza ameinama, mikono magotini, anahema. Akainua kichwa.

"Baba, umeniona?"

"Nimekuona, mama. Nimekuona."

Hakuugua siku ile. Hakuugua mwezi ule. Alirudi kwenye cherehani yake, akashona, akacheza na mbwa wake. Ilikuwa wakati wa mvua za vuli ndipo kifua kilipombana. Wakamkimbiza hospitali asubuhi. Akawekewa oksijeni, baba yake ameketi kando ya kitanda.

Akamvuta baba yake mkono. "Baba, Watasema umempa maji?"

"Nimempa," Mzee Ponsiano akasema.

Hakuwa amempa. Walitoka nyumbani mbio, hakuna aliyemkumbuka mbwa. Mzee hakutaka mwanawe awe ameambiwa uongo. Akatoka nje ya wodi, akampigia simu Bi Mwanaasha, akamwomba.

Bi Mwanaasha, ambaye mbwa hamgusi, alifungua geti la jirani yake, akaingia na ndoo. "Nikamwambia, kunywa, mwenyewe anakuulizia. Sikujua kwamba ninaposema vile, mwenyewe hayupo tena."

Mzee Ponsiano aliporudi wodini, alimkuta muuguzi anafunga pazia.

Dotto Ponsiano. Miaka ishirini na tisa. Fundi cherehani wa Misugusugu.

Msibani, wako walionong'ona kwamba zile mbio za Kisarawe ndizo zilizomuua. Daktari ameshaieleza familia kwamba sivyo. Ni maambukizi ya mapafu, pamoja na ugonjwa aliozaliwa nao. Hata hivyo maneno yale yalimfikia baba yake, na yanamuuma. Nilimwuliza anayajibuje.

"Nimemzuia kukimbia maisha yake yote," akasema. "Siku moja tu sikumzuia. Ninapofumba macho, ni siku hiyo ninayoiona. Nyingine zote namwona amekaa."

Kwa Mzee Ponsiano, kwa mama Stellamaris, kwa Bi Mwanaasha na majirani wote wa Misugusugu, na kwa Daktari Kitwana na wenzake wa Kisarawe, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awashike mkono. Dotto apumzike kwa amani.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, najua wengi mnaye mgonjwa nyumbani. Mnampenda, na mnamwogopea. Leo nendeni mkae karibu naye. Msimuulize anaumwa wapi, hilo anaulizwa kila siku. Mwulizeni anapenda nini.